Lebo Mbili: Kumbukumbu za Safari ya Kutafuta Majina ya Tarantula, Unguja na Pemba

Jumamosi, Mji Mkongwe

Skuli yetu inaandaa kabati la viumbe wa visiwa vyetu kwa ajili ya wanafunzi wa baiolojia, na katika mgawanyo wa kazi mimi na Maalim mwenzangu tumepewa rafu ya nge, tandu na buibui. Mwenzangu, ambaye amezoea mimea, aliamini kuwa shida yetu itakuwa kuwapata buibui wakubwa. Kwa upande wangu niliona kuwa mnyama hupatikana kwa subira na kwa msaada wa wenyeji, ilhali lebo ya kumwekea, inayosema huyu ni nani na ametoka wapi, haipatikani kwa subira peke yake. Kwa hiyo kabla ya kwenda shamba tuliitumia siku nzima ya leo kusoma.

Buibui wanaoitwa tarantula ni familia moja, Theraphosidae, aliyoipa jina hilo msomi wa Uswidi Tamerlan Thorell mwaka 1869, na hadi sasa spishi zinazotambuliwa ndani yake zimepita 1,000. Majina ya wanyama wote huanza kuhesabiwa kutoka toleo la kumi la kitabu cha msomi wa Uswidi Linnaeus, la mwaka 1758, lakini buibui wana ruhusa ya pekee. Raia mwenzake Linnaeus, Carl Clerck, alikuwa amechapisha kitabu cha buibui wa Uswidi mwaka 1757, na Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama inakihesabu kitabu hicho kana kwamba kilitoka siku ya kwanza ya mwaka 1758, kisha inayapa majina yake nafasi mbele ya yale ya Linnaeus. Napenda sana kifungu hiki. Kinaonyesha kuwa kanuni, pamoja na ukavu wake wote, iliandikwa na watu waliojali nani alitangulia kuifanya kazi.

Jambo lililotushughulisha zaidi ni jina la mahali petu wenyewe. Katika karne ya 19 wasafiri wengi wa Kizungu walioingia bara walianzia hapa Unguja, wakakodi wapagazi hapa, na masanduku yao ya wadudu, ndege na mifupa yakapakiwa merikebuni katika bandari hii. Baron Carl Claus von der Decken alifika Unguja mwaka 1860, akaenda Kilimanjaro mwaka 1861 na tena 1862, kisha akauawa katika safari yake ya mto Juba mwaka 1865. Vidudu vilivyokusanywa katika safari zake vilichambuliwa Berlin na msomi Gerstäcker, aliyechapisha kazi yake mwaka 1873, na humo ndimo alimotajwa kwa mara ya kwanza tarantula ambaye leo anaitwa Eucratoscelus constrictus, mkaazi wa Kenya na Tanzania bara. Sasa fikiria lebo ya zama hizo iliyoandikwa neno moja tu, Zanzibar. Neno hilo liliweza kumaanisha kisiwa, au pwani yote ya bara iliyokuwa chini ya Sultani, au bandari tu ambako sanduku lilipandishwa chomboni. Anayelisoma leo katika makumbusho ya Ulaya hana njia ya kujua kama mnyama alitoka Makunduchi au kwenye miteremko ya Usambara, isipokuwa awe na ushahidi mwingine.

Mwenzangu aliuliza kwa nini jambo hilo liwe kubwa hivyo. Nilimjibu kuwa jina la spishi halifungwi kwenye maelezo ya kitabuni. Linafungwa kwenye mnyama mmoja halisi, aliyehifadhiwa mahali panapojulikana, anayeitwa holotaipu. Maelezo yanaweza kuwa mafupi na mchoro unaweza kuwa mbaya, lakini ukizuka ubishi watu hurudi kwa mnyama yule, kama ndugu wanaogombania mpaka wa shamba la mikarafuu wanavyorudi kwenye hati ya kwanza. Hati isiyosema shamba liko wapi haimsaidii mtu.

Jumapili, Jozani

Tulipanda gari la abiria asubuhi. Msitu wa Jozani, ambao pamoja na ghuba ya Chwaka ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, si mahali pa kukusanya kitu bila ruhusa, nasi hatukuja kukusanya. Tulikuja kufundishana macho.

Kima punju walikuwa juu ya mitondoo karibu na njia, na hapo nilipata mfano wa kumwonyesha mwenzangu jambo linalowapita wengi. Jina kamili la kima huyu huandikwa Piliocolobus kirkii (Gray, 1868), kwa heshima ya John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza hapa Unguja na aliyepeleka viumbe wengi London. Mabano yale yanayomzunguka Gray hayakuwekwa kwa urembo. Yanasema kuwa Gray alipompa mnyama jina alimweka katika jenasi nyingine (yaani kundi la spishi zilizo karibu), Colobus, na waliokuja baadaye wamemhamisha. Tarantula wetu Eucratoscelus constrictus naye ana mabano kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa jenasi Eucratoscelus iliundwa na msomi wa Uingereza Pocock mwaka 1898, miaka 25 baada ya Gerstäcker kuandika. Lakini Pterinochilus murinus Pocock, 1897, tarantula anayejulikana kuliko wote wa Afrika Mashariki, hana mabano, maana tangu siku aliyopewa jina hajahamishwa. Mtu akizijua alama hizi, jina la maneno mawili na mwaka wake humsimulia historia nzima ya mnyama kabla hajafungua kitabu.

Kati ya miti miwili alikuwapo buibui jike wa utando wa dhahabu, mkubwa kiasi cha kumtisha mtalii mmoja aliyekuwa mbele yetu. Ukubwa wake haumfanyi tarantula. Meno ya sumu ya buibui huyu hujongeleana kutoka pembeni hadi yakutane, na mapafu yake ya kurasa, yaliyopangwa kwa tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu, ni jozi moja, kwa kuwa kazi nyingine ya hewa hufanywa na vijibomba vyembamba. Tarantula na jamaa zake wote wa kundi la Mygalomorphae wana meno yanayoshuka sambamba kutoka juu kwenda chini, na mapafu ya kurasa jozi mbili ambazo ukimgeuza mnyama unaziona kama mabaka manne meupe chini ya tumbo. Mgawanyo huo ni wa kale mno kuliko rangi, nywele au urefu wa miguu, na kwa sababu hiyo ndio wa kwanza kuangaliwa.

Jumatatu, uwanda wa Makunduchi

Tulianza kwa Sheha, kama ipasavyo, tukamweleza tunachotafuta na tukamwonyesha kibali. Alicheka kidogo, kisha akatuelekeza kwa mzee mmoja anayelima vipando katikati ya mawe ya uwandani, ambaye alitupokea kwa chai na kutusikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza.

"Shimo la buibui mkubwa nitakuonyesheni, wanangu," alisema, "lakini msilichimbe. Yule jike amekaa pale miaka."

Nilifurahi kuyasikia maneno hayo kwa mkulima, kwa sababu ni sahihi kabisa. Jike wa tarantula huishi miaka mingi, mara nyingi katika shimo lile lile, na huendelea kujivua gamba hata baada ya kukomaa. Dume akishakomaa hajivui tena. Huacha shimo lake, hutangatanga usiku akitafuta majike, na hafiki mbali kimaisha. Shimo tuliloonyeshwa lilikuwa kati ya mawe mawili ya matumbawe, mdomo wake umezungushiwa hariri nyeupe iliyokunjwa kwa nje. Tulilipiga picha, tukaandika mahali kwa vipimo vya simu, tukaandika aina ya ardhi na kivuli, na tukaliacha.

Mzee kisha alituletea kopo. Ndani yake mlikuwa na dume mzima aliyekauka, ambaye mzee alimkuta amekufa katika ghala lake la mkaa mwaka huu wakati wa masika. Tulimgeuza juu ya karatasi na kila kitu kilikuwapo: mabaka manne ya mapafu, meno sambamba, vishungi vya nywele kwenye ncha za miguu, ndoana ndogo kwenye miguu ya mbele ambayo dume huzitumia kuyazuia meno ya jike wakati wa kujamiiana, na kwenye ncha za vipapasi vile vibofu viwili vyenye ncha nyembamba ambavyo kwavyo huhamisha mbegu. Vibofu hivyo ndivyo shahidi mkuu wa spishi upande wa madume. Upande wa majike shahidi ni vifuko vya ndani vya kupokelea mbegu, na kwa bahati njema vifuko hivyo hutoka pamoja na gamba linalovuliwa, hata mtu anaweza kumtambua jike bila kumuua.

Mwenzangu alitaka tuandike papo hapo Pterinochilus murinus, akitoa hoja kuwa picha za mtandaoni zinafanana na mnyama huyu. Nilikataa. Spishi hiyo yenyewe ni funzo juu ya udanganyifu wa sura, kwa sababu wapo wa rangi ya machungwa iliyokoza na wapo wa kijivu kinachoelekea kahawia, na wote ni spishi moja. Mwaka 2002 mtafiti wa buibui Richard Gallon aliipitia upya jenasi nzima ya Pterinochilus, akalinganisha vielelezo vya makumbusho, na majina kadhaa yaliyokuwa yakihesabiwa kama spishi mbalimbali yakaingizwa chini ya murinus. Miongoni mwake lilikuwamo mamillatus, ambalo msomi Strand alilitoa mwaka 1906. Waliotazama rangi waliona wanyama wengi, na aliyetazama viungo akaona mmoja. Isitoshe, spiriti huifuta rangi, kwa hiyo wasomi wa makumbusho tangu zamani wamelazimika kutegemea kile kisichofutika. Juu ya lebo ya dume wa Makunduchi niliandika familia tu, Theraphosidae, pamoja na kijiji, ghala, mwezi, aina ya ardhi na neno "mzee wa shamba" penye nafasi ya mkusanyaji, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda jina lake liandikwe.

Mke wake alituuliza kama ni kweli kwamba nywele za buibui huyu zikikugusa unawashwa mwili mzima. Nywele za kuwasha wanazo baadhi ya tarantula wa mabara ya Amerika peke yao, ambao huzikung'uta kwa miguu ya nyuma wanapotishwa. Wa Afrika hawana, ila wako tayari zaidi kuuma, na kuuma kwao kunauma kweli. Alisema basi hilo la pili linamtosha.

Jumanne, baharini

Meli ya Pemba ilichelewa kung'oa nanga, na mkondo ulikuwa na mawimbi. Nilimweleza mwenzangu, aliyekuwa ameshika kichwa, kuwa kina kilichokuwa chini yetu kina maana kubwa katika kazi yetu. Unguja imekaa katika sehemu ya bahari isiyo na kina kirefu, na wakati wa baridi kuu ya mwisho ya dunia, maji ya bahari yaliposhuka, iliungana na bara. Pemba haikuungana, kwa sababu mlango wa bahari unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita. Ndiyo maana Pemba ina ndege wanne ambao hawapatikani penginepo duniani, akiwemo bundi aliyepewa jina mwaka 1937 na ninga aliyepewa jina mwaka 1940, wote wawili na Pakenham, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Zanzibar.

Ndege angalau huruka. Buibui wadogo wa jamii nyingi nao husafiri angani kwa uzi wa hariri, lakini watoto wa tarantula kwa kawaida hutembea tu, wakaanza mashimo yao si mbali na shimo la mama. Mlima, mto au mkono wa bahari huwatenga kwa muda mrefu, na waliotengana hubadilika katika urithi wao huku sura zikibaki zile zile. Hapo mwainishaji hubanwa pande mbili: akitazama sura peke yake huwaunganisha wasiohusiana, na akitazama DNA peke yake huweza kukihesabu kila kijiji kuwa spishi. Mwaka 2016 Hamilton, Hendrixson na Bond walichapisha uchambuzi wa tarantula wa jenasi Aphonopelma nchini Marekani, wakitumia viungo, DNA na ramani kwa pamoja. Majina zaidi ya 50 yaliyokuwapo yalipungua hadi spishi 29, na kati ya hizo 14 zilikuwa mpya. Mmoja wa hao wapya, ambaye madume wake ni weusi na anaishi karibu na gereza la Folsom, aliitwa Aphonopelma johnnycashi, kwa mwanamuziki aliyezoea kuvaa nyeusi na aliyeimba juu ya gereza hilo. Kanuni haikatazi mzaha, mradi jina liandikwe kwa herufi za Kilatini na lisiwe limeshatumika kwa mnyama mwingine wa jenasi hiyo.

Jumatano, Ngezi

Kutoka Konde tulifika Ngezi mapema. Msitu huu ni mweusi na wa maji, na mipapindi imesimama humo pamoja na mivule. Mpapindi, mnazi mwitu wa Pemba, umepata misukosuko yake ya majina: mwaka 1995 ulitolewa katika jenasi Chrysalidocarpus na kuwekwa Dypsis, na katika miaka ya karibuni umerudishwa ulikotoka. Mwenzangu, aliyekwisha kujifunza jina la Dypsis kwa taabu, hakufurahishwa na habari hiyo.

Mlinzi wa msitu alituongoza hadi kwenye mti wenye uvungu, na humo, nyuma ya pazia la hariri, palikuwa na gamba lililovuliwa, laini bado, limekaa chali na miguu yake minane imekunjwa. Buibui mwenyewe hatukumwona. Tulilichukua gamba kwa ruhusa ya mlinzi, tukalitia katika kijisanduku chenye pamba.

Tulipokuwa tukila mihogo mchana nilisimulia kisa cha Encyocratella olivacea, kwa kuwa tulikuwa mbele ya uvungu wa mti. Strand alimpa jina tarantula huyo wa mitini wa Tanzania mwaka 1907, kisha akasahauliwa karibu karne nzima. Mwaka 2003 Gallon, yule yule wa Pterinochilus, alipata tarantula wa mitini kutoka Tanzania, akamwona mgeni kabisa, akamuundia jenasi mpya na kumwita Xenodendrophila gabrieli. Mwaka 2005 alichapisha makala nyingine, akionyesha kuwa mnyama wake ni yule yule wa Strand, na kwamba jina lake mwenyewe lazima lishuke. Mimi nahesabu makala hiyo ya pili kuwa kazi bora kuliko ile ya kwanza. Jina jipya huleta sifa. Kulizika jina lako mwenyewe kunataka ufungue upya vitabu vya watu waliokufa.

Alhamisi, Wete

Mvua ilinyesha kutwa na hatukutoka. Mwenzangu alileta ubishi ambao naona ni wa haki: ikiwa jina limezoeleka, kwa nini libadilishwe kwa sababu ya karatasi ya zamani? Mfano mzuri ni tarantula mkubwa mwekundu-kahawia wa Kenya na Tanzania, ambaye kwa zaidi ya miaka 100 aliitwa Citharischius crawshayi, jina alilopewa na Pocock mwaka 1900. Mwaka 2010 ilionyeshwa kuwa msomi Karsch alikuwa amemwita Pelinobius muticus tangu mwaka 1885, na jina la Karsch likachukua nafasi. Kanuni inayo njia ya kulilinda jina lililozoeleka, lakini masharti yake ni magumu: lile la zamani liwe halikutumika kama jina halali baada ya mwaka 1899, na lile jipya liwe limetumika katika machapisho yasiyopungua 25 ya waandishi wasiopungua 10 ndani ya miaka 50 iliyopita. Mwenzangu aliona masharti hayo ni ya ukaidi. Mimi naona bila ya hayo kila mwenye sauti kubwa angelilinda lake.

Zaidi ya hayo, majina haya hayakai vitabuni tu. Tarantula wa jenasi Poecilotheria, wa India na Sri Lanka, waliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe walio hatarini. Ofisa wa bandarini anayefungua kifurushi analinganisha jina lililo kwenye fomu na jina lililo kwenye orodha. Wauzaji huwaita wanyama wao kwa rangi na kwa miji, na jina la namna hiyo halimfungi mtu kisheria.

Ijumaa, skuli

Tulirudi kwa ndege ndogo na kuwahi sala ya Ijumaa mjini. Alasiri tulililoweka gamba la Ngezi katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, tukalifungua kwa kibanio sehemu ya tumbo, na chini ya hadubini vikaonekana vifuko viwili vya mbegu: ni jike aliyekomaa. Dume wa Makunduchi alilainishwa na kuwekwa katika spiriti ya asilimia 75, lebo yake ya penseli ikiwa ndani ya chupa pamoja naye, kwa kuwa lebo ya nje hudondoka na wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka. Mguu mmoja tuliutenga mkavu katika kijichupa chake, kwa yeyote atakayetaka kujaribu kupima DNA.

Mwenzangu alipendekeza tuwaweke pamoja kwenye rafu, dume na jike, chini ya jina moja, ili wanafunzi waone jinsia zote mbili za mnyama mmoja. Kwa macho pendekezo lilipendeza. Lakini mmoja ametoka ghalani katika uwanda wa mawe Unguja, mwingine katika uvungu wa mti Pemba, ng'ambo ya mlango wa bahari wenye kina kirefu, na hakuna mtu aliyewahi kuviweka vibofu vya huyu na vifuko vya yule mbele ya vielelezo vya London au Berlin. Tumewaweka katika chupa mbili, kila moja na lebo yake, familia ikiwa imeandikwa na mstari wa spishi ukiwa wazi kwa atakayekuja na ushahidi.